Mkono Mmoja na Matofali Yanayoanguka

Nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto, na katika shule ya msingi walimu walilichukua jambo hilo kama ugonjwa wa tabia. Walinichapa vidole kwa rula. Walinifunga mkono nyuma ya mgongo kwa kitambaa. Walinikalisha mbele ya darasa niandike kwa mkono wa kulia herufi zilizofanana na nyayo za kuku mlevi. Sikupona. Nilimaliza shule, nikapata diploma ya ualimu, nikapewa darasa la pili katika shule moja ya mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, na huko nikaandika ubaoni kwa mkono uleule wa laana, mstari umenyooka kama kamba. Kisha vita vikaja, vikamaliza kwa sekunde moja kazi iliyowashinda walimu wangu miaka sita.

Mtu asinifikirie shujaa. Nilikuwa nasonga bugali. Watu wenye bunduki walikuwa wakirushiana risasi ng'ambo ya mto, kama walivyozoea, na risasi moja isiyo na adabu ikapita kwenye bati la jiko, ikapita kwenye kiganja changu, ikatoboa sufuria na kulala ndani ya bugali. Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye nilikaa naye mtaa wa Nyakasanza tangu wazazi wangu walipofariki, aliingia mbio. Akaniona nimeketi chini, damu kila mahali. Neno lake la kwanza, naapa mbele ya Mungu, lilikuwa: "Sufuria yangu!"

Amelikana mpaka leo. Anasema alilia jina langu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale chini, na masikio yangu yalikuwa mazima.

Sitamsema sana, maana ndiye aliyenifunga kwa kitenge chake kizuri, akasimamisha lori lililotoka Tchomia na shehena ya samaki wakavu, akamtukana dereva mpaka akakubali kutupeleka Nyankunde, kwenye hospitali ya misheni. Nilifika pale nikinuka kama samaki aliyeoza. Daktari alinifanyia kazi safi. Alijaribu kuokoa alichoweza, akakata kisichookoleka, na mkono wangu wa kushoto ukaishia juu kidogo ya kifundo.

Nyumbani ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza. Akina mama wa kwaya ya shangazi walikuja kunizunguka kitandani na kuniimbia nyimbo za matanga, mimi niko hai nawatazama. Jirani mmoja aliniletea ndizi, akakumbuka kwamba siwezi kuzimenya, akakaa akanimenyea na kuzila mwenyewe huku akitikisa kichwa kwa huruma. Na ule mkono wa kulia ulikuwa mjinga kabisa. Ulimwaga chai. Ulishindwa na kifungo cha blauzi. Nikiuambia peleka kijiko mdomoni, unakipeleka shavuni. Nilijibanza kona moja ya chumba nikakaa humo wiki tatu nikihesabu misumari ya dari.

Aliyenitoa humo ni muuguzi, mzee mmoja mwembamba wa zahanati ndogo karibu na soko la Nyakasanza, aliyekuwa akinibadilishia bendeji. Siku moja alinishika ule mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mtu anayenunua kabichi.

"Huu mukono haiko mugonjwa," akasema. "Iko muvivu tu. Inaomba kazi."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe la uuguzi, akatoa kimashini cha plastiki cha rangi ya majivu. Kilikuwa na kioo kidogo kama kiberiti, vitufe upande huu na upande huu, na muziki wa kuudhi kama mbu aliyesomea piano.

"Iko jeu," akasema, yaani mchezo. "Mudogo wangu aliileta toka Kampala."

"Papa, hii wanachezaka na mikono mibili."

"Weye utacheza na moja. Asubuhi, midi, na magaribi. Mbele ya kula."

Nilidhani ananidhihaki. Lakini alikuwa ameniandikia kwenye karatasi, kama dawa.

Mle ndani mlikuwa na michezo mingi, ingawa maandishi kwenye boksi yalitaja idadi ambayo hata mwongo angeona haya kuitaja. Ukweli ni kwamba ilikuwa mitano tu, mingine yote ni hiyohiyo imebadilishwa mwendo. Niliichunguza kwa jicho la mtu mwenye mkono mmoja, na nikaigawa mara moja. Nyoka anayekula nukta na kurefuka: huyo anataka mkono mmoja tu. Gari linalokwepa magari mengine: mkono mmoja. Chura anayevuka barabara: mmoja. Vifaru vya kupigana ndivyo vilivyodai mikono miwili, mmoja wa kuendesha na mmoja wa kufyatua, na kwa vifaru sikuwa na hamu yoyote. Vya kutosha tulikuwa tukivisikia bure.

Uliobaki ni ule mchezo wenyewe, wa matofali. Yanaanguka toka juu, yana maumbo ya ajabu ajabu, na wewe unayageuza yakae vizuri yajaze mstari. Mstari ukijaa unatoweka. Usipojaa, matofali yanapanda mpaka juu, na umekufa. Mishale ya kusogeza iko kushoto, kitufe cha kugeuza kiko kulia, na wenye mikono miwili hawajui hata kama hilo ni tatizo. Mimi ilinichukua siku nne kugundua dawa yake: unakilaza kimashini juu ya paja, kidole gumba kwenye mishale, kidole cha kati kinyooshwe mpaka kwenye kile kitufe, kiganja kimeinama kama buibui. Siku ya kwanza kidole cha kati kilikakamaa nikalia. Baada ya wiki mbili kilikuwa kinaruka chenyewe. Siku moja nikajikuta nimefunga blauzi yote, vifungo sita, na wala sikukumbuka nimeanza lini.

Shangazi alichukia kile kimashini tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwanza ya kwaya, na kwa siku za kazi aliuza samaki sokoni. Alisema kitu kinachoimba bila mdomo kina mwenyewe ndani, na mwenyewe huyo si Roho Mtakatifu. Akaniombea. Akanyunyizia kimashini maji.

Mchana mmoja niliamka usingizini nikanusa maharage yanaungua. Nilikwenda jikoni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkono wa kushoto unazunguka ndani ya sufuria peke yake kama wa kipofu, na kwenye goti la kulia kimashini, kidole gumba kinatembea.

"Shangazi!"

Hakuinua kichwa. "Ngoja. Ngoja kwanza. Iko inaniletea ile tofali ya murefu."

"Maharage inaungua."

"Najua! Niko naichunguza hii kitu. Adui, unapashwa kumujua."

Alimchunguza adui mpaka jioni. Kesho yake alimchunguza tena. Yeye ndiye aliyeniambia jambo ambalo mimi, pamoja na diploma yangu, sikuwa nimeliona. "Hii jeu ilifanyiwa wanawake," alisema. "Mukono mumoja kwa kazi, mumoja kwa jeu. Wanaume ndiyo banachezaka na yote mibili, kwani banakuwaka na kazi gani?" Akacheza akigeuza samaki. Akacheza akishika mwavuli. Mabomu yalipoanza kulia upande wa uwanja wa ndege na sisi tukalala chini ya kitanda, alicheza amejiziba sikio kwa mkono wa pili. Nilikuwa namsikia akinong'ona, "Yesu, niletee ya murefu, ya murefu," na sikujua kama ni sala au ni mchezo. Siku ya Pasaka, baada ya ibada, alipiga rekodi ambayo mimi sikuikaribia. Kimashini kiliishika rekodi hiyo kichwani, ila kwa sharti moja: ukitoa betri, inasahau kila kitu. Kwa hiyo shangazi alikataza betri zisiguswe. Zilipolegea, alizianika juani zikiwa humohumo ndani, kimashini kimelala kifudifudi juu ya bati kama samaki wake.

Habari zilimfikia mchungaji. Akaja na Biblia kubwa kutuokoa. Shangazi alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti chenye mto. Mchungaji akauliza hicho kitu kinafanyaje kazi, ili ajue anakemea nini. Shangazi akamwonyesha. Mchungaji akajaribu, kwa kukemea tu. Alikaa nasi mpaka chai ikapoa mara mbili, Biblia chini ya kwapa la kushoto, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alipoondoka alisema jambo hili linahitaji maombi zaidi na kwamba angerudi Jumatano. Alirudi Jumanne.

Ndivyo tulivyoishi vita vile, na nikisema tulicheka, watu wanaonyamaza wakinisikia najua wanafikiri nini. Tulizika pia. Tulizika jirani yule wa ndizi. Lakini kati ya mazishi na mazishi kuna mchana, na mchana ni mrefu.

Kisha askari wa Uganda, waliokuwa wameushikilia mji, wakaondoka, na mji ukabaki mikononi mwa kila mwenye bunduki. Siku ya tatu ya mapigano shangazi alitoka nje, akatazama moshi mtaa wa pili, akarudi ndani akaanza kukunja godoro. "Tunaenda," akasema. Hakusema wapi. Watu wote walikuwa wanashika njia ya Komanda, nasi tukaishika.

Mimi nilibeba mfuko mgongoni, na sufuria ndani yake. Shangazi alibeba godoro kichwani, mkono wa kushoto umelishika. Mkono wa kulia ulikuwa huru. Sihitaji kueleza ulikuwa na nini. Alitembea akicheza, katikati ya maelfu ya watu, mbuzi, baiskeli na vitoto vinavyolia, na kabla hatujafika mbali alianguka kwenye mfereji pamoja na godoro. Aliinuka akasema, "Haikuvunjika," na sikumuuliza kama anamaanisha mguu.

Bariere, kizuizi cha njiani, tuliikuta mchana, jua kali. Ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili, na wanaume saba au wanane wenye bunduki. Walikuwa wanauliza kila mtu kabila lake. Kabila letu sitalitaja. Mwaka ule kila kabila lilikuwa kosa mahali fulani, na letu lilikuwa kosa pale. Wengine waliruhusiwa kupita. Wengine walikalishwa kwenye majani kando ya njia. Wale wa kwenye majani walikuwa kama ishirini, hawaongei, wanatazama vidole vya miguu yao.

Mkubwa wa bariere alikuwa mtu wa miaka kama thelathini, mwenye masharubu. Pamoja na jua lile, alikuwa amevaa koti la baridi lenye manyoya shingoni, la mitumba, na jasho lilikuwa linamchuruzika kama bomba. Aliamuru shangazi aangushe mzigo. Shangazi alikuwa amekisukuma kimashini ndani ya kitenge bila kukizima, na yule bwana alipovuta kitenge, kile kitu kikaanza kuimba.

Wote waliruka nyuma. Mmoja alilala chini.

"Iko bombe!" mtu akapiga kelele.

Haikulipuka. Mwenye koti akakisogelea, akakigusa kwa ncha ya bunduki. "Hii ni redio ya kuita adui," akasema. "Munaongeaka na nani?"

"Hapana, mutoto yangu," shangazi akasema. "Iko jeu."

"Miye si mutoto yako!"

"Basi, shefu. Iko jeu."

"Jeu gani inaimba? Onesha!"

Shangazi alikuwa amekwisha kuinua mikono juu, anasali. Nikapiga magoti njiani, nikakilaza kimashini kwenye paja, nikaanza. Matofali yalinianguka vibaya, nikafa haraka kuliko siku yangu ya kwanza. Mwenye koti alikuwa ameinama juu yangu, jasho lake linanidondokea shingoni. Hakuwa anatazama kioo tu. Alikuwa anatazama pale mkono wangu wa kushoto ulipoishia.

"Na mukono mumoja unafanya vile?"

"Mumoja inatosha, shefu," nikasema. "Hata bunduki yako hauwekaki chini."

Watu wengi wameniambia baadaye kwamba ulikuwa ujanja mkubwa. Haukuwa ujanja. Niliogopa mpaka akili ikanitoka, nikabaki nasifia bidhaa kama mchuuzi wa soko.

Alikichukua. Alichuchumaa, akakiweka juu ya goti, bunduki mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kwenye mishale. Akafa mara moja.

"Imenipiga!" akasema kwa mshangao wa kweli. Akaanza tena. Akafa. Akaanza tena. Wenzake wakasogea kuona. Na shangazi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anamkabidhi Mungu roho yake, alishindwa kuvumilia kuona matofali yakipangwa vile.

"Geuza!" akafoka. "Geuza, mujinga we!"

Nilifumba macho. Nikasikia sauti ya mwenye koti, ambaye hakuwa ameinua hata kichwa:

"Nageuza na nini?"

"Na kile kitufe kikubwa! Hapana, ile ingine! Nyoosha kidole! Ingiza pale mu shimo... Eeeh! Umeona?"

"Mustari imeenda!" akasema yule bwana. Wenzake wakapiga makofi.

Mlinzi wa kamba naye akaja kuona, akaiacha kamba ilegee mpaka ikagusa vumbi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele yao kwa woga. "Shefu, tupite?"

"Pita, pita!" mwenye koti akasema, akimpungia mtutu. "Unanizibia jua!"

Akapita. Aliyemfuata hakuuliza. Wa tatu naye hakuuliza. Shangazi alikuwa anaelekeza kwa sauti ya kwaya, kushoto, kulia, angusha, na nyuma ya migongo ya wale wanaume watu walivuka kamba mmoja mmoja, baiskeli zimebebwa juu zisilie. Kisha nikaona wale wa kwenye majani. Alianza mzee mmoja aliyevaa suti na kushika kuku wawili kwapani. Aliinuka polepole, akawabana kuku midomo, akatembea kwa ncha za viatu vyake vya kanisani, akavuka. Wengine wakamfuata. Nilitamani kucheka na nilitamani kutapika.

Ndipo kioo kikaanza kufifia. "Inakufa!" akasema mwenye koti, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa. Kwenye majani walikuwa wamebaki watu kama sita. "Iko inaomba mapile. Nani iko na mapile?"

Shangazi alikuwa na betri hizo. Mbili za tochi, ndani ya sidiria, mahali anapoweka kila kitu cha maana. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Akanitazama.

"Wakitoa ya zamani," akaninong'oneza, "rekodi yangu itakufa."

Nilimjibu kwa neno moja ambalo sijawahi kulisema tena mbele ya mtu aliyenizidi umri. Akaguna. Akaingiza mkono kifuani, akazitoa, akampa yule bwana kama anayempa figo.

"Ile rekodi nilipiga siku ya Paska," akamwambia.

Hakumsikia. Alikwisha kubadilisha betri, muziki ukaanza upya, matofali yakaanguka. Bila kutuangalia akasema, "Munangoja nini? Pitani."

"Na jeu yetu?" akauliza shangazi.

Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zote.

"Inabaki," akasema mwenye koti.

Tukavuka. Hatukugeuka. Shangazi alinung'unika mpaka Marabo, kwamba mtu yule hana kipaji, kwamba ataichakaza mishale, kwamba nimemvunja kidole cha mguu. Hapo Marabo aliketi juu ya godoro kando ya njia, akaacha kunung'unika, akaanza kutetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Nilimfunika kwa kitenge. Alitetemeka vile mpaka watu waliopita walidhani ana malaria, mmoja akatupatia vidonge.

Komanda tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Yule mzee wa suti alikuwepo, amebaki na kuku mmoja. Alituambia aliongea na watu waliopita baada yetu, na kwamba mpaka jua linainama yule bwana alikuwa bado anacheza na kamba bado iko chini. Wale sita wa mwisho? Mzee hakujua. Kesho yake nilimuuliza kila aliyefika. Wengi walikuwa wamepita porini. Wengine walisema bariere haikuwa na mtu. Mwanamke mmoja alinitazama tu, akaendelea na safari yake, na sikumfuata kumuuliza mara ya pili. Sijui. Mtu akiniambia kimashini kile kilituokoa, namwambia kilikuwa plastiki. Mtu alichoka kuua, au aliboeka, mchana mmoja, na alichofanya asubuhi yake na kesho yake sikukiona.

Tulifika Beni kwa miguu na kwa malori, tukakaa huko miezi mingi kwenye chumba cha watu wema. Tuliporudi Bunia, nyumba yetu ilikuwa imesimama. Mlango haukuwepo, nusu ya mabati haikuwepo, na jikoni alikuwepo mama tusiyemjua na watoto wanne, amekimbia kwao Djugu, anakaanga mikate kwa mafuta yanayonukia vizuri. Alikuwa wa kabila la wale wa bariere. Alitutazama, tukamtazama, mwiko mkononi mwake umesimama hewani.

"Hii ni nyumba yangu," shangazi akasema.

"Najua, mama," akasema yule mwanamke. "Niliona picha yako ukutani. Mukaribie, mukule kwanza."

Tulikaa naye miezi minne. Shangazi aligombana naye kila siku juu ya chumvi.